Mwimbaji niliyempenda tangu utotoni anakuja Malindi, lakini wifi yangu hataki nitie mguu

Shangazi, assalaam aleikum.

Mimi ni mwenyeji wa Langoni, hapa Lamu. Nina miaka 48, nimeolewa, na Mola amenijaalia watoto watatu. Kazi yangu ni kushona kofia za vito. Mume wangu ni nahodha, hubeba wageni kwa mashua.

Kaka yangu mkubwa, Mola amrehemu, alifanya kazi ya uweta katika hoteli moja ya watalii Malindi miaka ya themanini. Kila akipata likizo alikuja na kanda. Nyingine aliachiwa na wageni waliokuwa wakirudi kwao, nyingine vijana wa bendi ya hoteli walimrekodia. Moja katika hizo ilikuwa ya bendi ya roki ya Uingereza. Usiku tulipanda juu darini sisi wawili, redio tukiipunguza sauti ili baba asisikie, tukaisikiliza upande wa kwanza na wa pili mpaka betri zilegee. Kiingereza sikukijua, ila kila wimbo nilikuwa nao kichwani, mpaka pale mpiga gitaa anapovuta pumzi.

Kaka alifariki nami sijaolewa. Kanda ile nikabaki nayo. Kofia zangu nyingi nimezishona ikicheza, hadi redio ilipoitafuna, tena kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili, ule wa polepole, ambao kaka alikuwa akiuzima kila mtu akiongea na kuuanza tena mwanzo. Sijapata kuusikia tena tangu hapo. Kanda ninayo, imejikunja ndani.

Sasa mwanangu wa pili, aliyeko chuo Kilifi, amenipigia simu kuniambia kuwa mwimbaji wa bendi ile atapiga Malindi mwezi ujao. Mzee huyo sasa amepita miaka 75. Haendi tena viwanjani, anapiga mahali padogo na wapigaji watatu. Ni kilabu karibu na bahari, watu mia hivi tu. Tikiti ni shilingi 2,500. Pesa ninazo, ni za kofia zangu, sitamwomba mtu.

Shida yangu ya kwanza ni wifi. Alipopata habari alikuja nyumbani akasema mbele ya watoto: "Mke wa nahodha, kesho kutwa ana wajukuu, aende kusimama kilabuni na walevi kumshangilia mzungu wa gitaa? Watu wa mui watasemaje?" Nilinyamaza. Mume wangu alikuwapo, anashona tanga. Baadaye nilimuuliza yeye anaonaje, akanijibu, "Amua mwenyewe," akaendelea na tanga lake. Sijui ndiyo ile ilikuwa ndiyo au hapana.

Shida ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Mwanangu alinitumia video ya onyesho la mzee huyo kwingineko, mwaka huu huu. Amekaa kwenye kiti kirefu. Sauti inakatika. Pale panapopanda, anayeimba ni kijana mwingine aliye nyuma yake, yeye anatazama chini. Mwanangu akaniandikia, "Mama, mzee amekwisha. Bora ubaki na kumbukumbu." Tangu siku hiyo naogopa. Nikienda nikamkuta hivyo, hata ile sauti ya darini itaniharibikia.

Na jambo la mwisho. Natamani nimwombe aimbe ule wimbo wa tatu, na nimweleze habari za kaka yangu, kwamba kulikuwa na kijana Mwamu aliyempenda hivyo. Kila nikiwaza nitakavyomwambia nalia. Je, yafaa? Au nikae nyumbani na kofia zangu?

Mshona Kofia, Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na nitakujibu kwa kirefu, maana ulichoandika si habari ya tikiti peke yake. Jina la mwimbaji nimeliondoa, maana mzee wa watu hajui kuwa tunamjadili.

Nianze na video, kwa kuwa ndiyo iliyokuliza. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa maongezi. Kikiwekwa ndani ya chumba chenye ngoma na gitaa la umeme, kinazidiwa. Simu inabana sauti kubwa ili isipasuke, zile nzito zinapotea, nyembamba zinabaki zikikwaruza. Tena anayesikika sana ni yule aliyesimama karibu na simu akiimba na kupiga makofi, siyo aliye jukwaani. Mwimbaji yeyote, hata wa miaka 25, utamsikia vibaya kwa njia hiyo. Kwa hiyo usihukumu sauti ya mtu kwa video ya dakika moja. Mwanao hakukusudia kukuumiza. Alitaka kukukinga, na hilo ni pendo.

Lakini sitakudanganya. Sauti ya mtu wa zaidi ya miaka 75 si ile iliyo kwenye kanda. Nyuzi za sauti kooni hupungua mnyumbuko, misuli inayozivuta hudhoofika, na kifua hakihifadhi pumzi kama zamani. Zinazoondoka mwanzo ni zile za juu kabisa, na roki imejengwa juu ya hizo hizo. Wakongwe wengi wana njia zao. Wanashusha wimbo mzima, magitaa yote yakapigwa chini kidogo, ili koo lisilazimishwe. Sehemu ya kupanda wanampa kijana, au wanawaachia watu waimbe. Hicho ulichokiona kwenye video, kwamba kijana alishika pale juu na mzee akatazama chini, mimi sikukiona kuwa aibu. Ni mtu anayeijua sauti yake na anayeuheshimu wimbo kiasi cha kutotaka kuuharibu.

Na kiti pia usikionee haya kwa niaba yake. Phil Collins, ambaye alianza akiwa mpiga ngoma wa Genesis, alimaliza onyesho la mwisho la bendi hiyo London mwezi Machi 2022 akiwa amekaa, na ngoma zikapigwa na mwanawe. Peter Frampton ana ugonjwa unaolegeza misuli, alioutangaza mwaka 2019, na sasa hupiga gitaa akiwa kwenye kiti. Joni Mitchell wa Kanada, baada ya kuugua ubongo mwaka 2015 na kulazimika kujifunza upya hata kutembea, alirudi jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 2022 akiwa na miaka 78, akaimba akiwa amekaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana, ikawa nzito. Watu walilia, lakini si kwa masikitiko.

Mbona twende mbali? Sisi tulikuwa na Bi Kidude. Fatuma binti Baraka aliimba mpaka uzeeni kabisa, akatuzwa na WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, akafariki Aprili 2013. Sauti yake ilikuwa imeparara, na wakati mwingine alikuwa anasema zaidi ya kuimba. Je, uliwahi kumsikia mtu yeyote wa pwani hii akisema, "Bora nibaki na kumbukumbu, bibi amekwisha"? Watu walipanda boti kwenda kumsikia hivyo hivyo. Walijua wanakwenda kwa bibi aliyeishi sana, hawakumdai usichana. Wewe unayajua haya, mwanangu, umekulia ndani yake. Ni kwamba hujapata kuyatumia kwa mzungu mwenye gitaa.

Hapo ndipo lilipo jawabu langu. Kijana uliyemsikia darini hayuko Malindi. Hayuko popote isipokuwa kwenye ile kanda, na huko hakuna wa kumgusa. Atakayekuwa Malindi ni mzee aliyebeba nyimbo zile zile miaka hamsini. Ukienda kumtafuta kijana, utarudi umeumia. Ukienda kumsikiliza mzee, nafikiri utapata kitu ambacho kanda haikuwahi kukupa.

Chumba kidogo kina mambo yake. Kwenye uwanja wa maelfu, mwimbaji ni kitu kidogo mbele na skrini kubwa kando, na sauti inarudi kutoka kila ukuta ikificha makosa. Ndani ya kilabu ya watu mia utasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Utasikia amplifaya ikivuma wimbo ukiisha, na mpiga ngoma akihesabu kwa vijiti kabla hawajaanza. Ile pumzi unayoikumbuka ya mpiga gitaa, utaiona ikivutwa. Mzee atazungumza kati ya nyimbo, kwa sababu anahitaji kupumzika, na kwa sababu mahali padogo panaruhusu. Wenyewe wanamuziki wakubwa hupatamani mahali kama hapo. Bendi ya Rolling Stones, walipokuwa wakijaza viwanja, waliingia kilabu ya El Mocambo mjini Toronto mwaka 1977 na kupigia watu mia chache. Paul McCartney wa Beatles alirudi kwenye kilabu ya Cavern kule Liverpool mwaka 1999, na tena mwaka 2018.

Ila udogo huo una hatari moja nataka uijue, maana wewe macho na masikio ndiyo mtaji wako. Ngoma na gitaa la umeme ndani ya chumba hupita desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa urahisi. Sikio linahimili desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatika nusu. Ukizihesabu mpaka 100, unabaki na robo saa tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kumbi za burudani mwaka 2022 likaweka kikomo cha desibeli 100, kwa wastani wa kila dakika 15. Nunua vizibo vya sponji kwenye duka la dawa. Pamba huzuia kidogo sana. Usikae mbele ya spika. Tafuta pale alipo fundi wa sauti na meza yake, ukae karibu naye, kwa sababu yeye anapanga sauti zote zilingane kwa masikio yake pale pale. Ndipo pazuri kuliko hata mbele.

Sasa wimbo wa tatu.

Usiuite kutoka ulipokaa. Bendi huingia jukwaani na orodha yao, mara nyingi imebandikwa chini miguuni. Kila wimbo uko kwenye orodha kwa sababu, kuanzia gitaa lipi litumike hadi koo la mzee litakuwa limechoka kiasi gani saa hiyo. Wimbo wa upande wa pili wa kanda ya zamani, yawezekana hao wapigaji watatu hawajawahi kuupiga pamoja. Mtu akiupigia kelele, anamweka mzee mahali pa kukataa mbele za watu. Andika karatasi. Jina la wimbo na mstari mmoja, mwanao akusaidie Kiingereza. Alasiri ya siku hiyo, bendi hufika kupima sauti kabla ya watu kuingia. Mwanao aipeleke karatasi kwa fundi wa sauti, aombe kwa adabu ifikishwe. Ukipigwa, alhamdulillahi. Usipopigwa, hujamtia mtu dhiki.

Kuhusu kumsimulia habari za kaka yako, hapa naomba unisikilize kama mama yako.

Nimehisi katika barua yako kwamba unakwenda Malindi kumzika kaka kwa mara ya pili. Ulikuwa msichana alipofariki, ukaolewa, ukazaa, ukashona, na sidhani kama kuna mtu aliyekaa nawe akakuuliza, "Kaka yako alikuwa mtu gani?" Kilio kimekaa ndani ya kanda miaka yote hii. Sasa unataka kumkabidhi mwanamume wa miaka zaidi ya 75, mgeni, ambaye ametoka kuimba saa nzima, koo limemkauka, na nyuma yako kuna wengine wanangoja wapige naye picha. Hataweza kukibeba, mwanangu. Si kwa ubaya. Watu kama yeye huambiwa habari za marehemu kila usiku, kila mji, na anachoweza kukupa ni kushika mkono wako na kusema neno moja. Ukitegemea zaidi ya hapo utaondoka mtupu.

Kwa hiyo mwambie kwa ufupi. "Mimi na kaka yangu tulikusikiliza Lamu tukiwa watoto. Yeye amefariki. Ahsante." Hayo yanatosha, na ninaamini yatamgusa. Ukilia, lia tu, hakuna ubaya.

Hadithi yenyewe, ile ndefu ya darini na betri na baba aliyelala chini, mpe mwanao. Yeye anadhani unampenda mwimbaji. Hajui kuwa ana mjomba ambaye alikuwa akizima redio watu wakiongea ili wimbo usikike vizuri. Kama angeyajua, asingekuandikia yale maneno. Mpe na mumeo pia. Njia ya kutoka Mokowe hadi Malindi, kupitia Witu na Garsen, ni ndefu ya kutosha kusimuliana.

Jambo jingine dogo la adabu. Sisi kwenye taarabu, ubeti ukikuchoma, unainuka na kwenda kumtunza mwimbaji. Marehemu Zein l'Abdin, ambaye ni wa kwenu Lamu, alipigiwa vigelegele na kutuzwa noti akiwa na udi wake, ile ala ya nyuzi, mapajani, na ilikuwa heshima. Kwenye roki usifanye hivyo, hawatakuelewa. Onyesho likiisha, angalia kama kuna meza wanayouzia sahani za muziki au fulana. Ukinunua pale, sehemu kubwa inamfikia yeye na wapigaji wake. Tena huenda wimbo wako wa tatu uko kwenye moja ya sahani hizo.

Na kanda yako msiitupe. Utepe uliojikunja si utepe uliokufa. Ganda la kaseti nyingi za zamani hufunguka kwa skrubu ndogo. Fundi wa redio mwenye subira ataufungua, aunyooshe utepe kwa kitu laini bila kuugusa kwa vidole vyenye mafuta, auhamishie kwenye ganda jingine zima. Palipochanika kabisa patakatwa na kuungwa kwa utepe maalumu wa kuungia kaseti, si selotepu ya dukani, ambayo gundi yake huvuja ikashika tabaka za juu na chini. Utepe wa kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo hata akikata sentimita 10, utapoteza kama sekunde 2 tu za wimbo. Ukishapona, uingizwe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Hewa ya bahari ya Lamu haiuhurumii utepe.

Nirudi kwa wenye nyumba yako.

Mumeo alisema, "Amua mwenyewe." Umelichukua neno hilo ukaligeuza usiku kucha. Mimi sijui moyo wake, ila najua wanaume wa aina yake. Mbele ya dada yake hakutaka kukutetea akamvunjia heshima, na hakutaka kukukataza akakudhulumu. Kwa hiyo alishika sindano ya tanga. Usimwulize tena "waonaje", maana swali hilo linamrudisha pale pale katikati ya mke na dada. Mwombe jambo lenye mwanzo na mwisho. Mwambie: "Nataka tufuatane Malindi, mimi na wewe, mtoto atatukuta huko. Tiketi zote nitalipa mimi." Hajui roki? Hakuna neno. Mtu aliyekaa na wewe miaka yote hii anaweza kukaa kitini saa mbili. Akienda, wifi hana la kusema, maana umetoka na mumeo. Asipotaka kwenda, naye akakwambia waziwazi, "Nenda na mtoto, nimeridhia," basi una ruhusa unayoweza kuitamka mbele ya yeyote. Kimya chake usikifanye ruhusa, wala usikifanye katazo.

Suala la kilabu lina uzito na sitalipuuza. Mahali panauzwa pombe, na wewe ni mtu wa dini yako. Mimi si mwanachuoni, sitakutolea hukumu. Moyo ukikusuta, kaulize kwa mtu unayemwamini elimu yake, siyo kwa wifi na siyo kwangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Ule wakati wa kupima sauti niliokutajia, alasiri, baa mara nyingi haijafunguliwa na ukumbi hauna watu. Bendi hupiga nyimbo tatu nne, nzima au nusu nusu, wakirekebisha vyombo. Mwanao apige simu kwa wasimamizi siku kadhaa kabla, aseme kweli: mama yangu anatoka Lamu, anampenda mwimbaji huyu tangu utotoni, usiku kilabuni hawezi, tunaomba akae nyuma alasiri dakika chache, hata tikiti tutalipa. Wanaweza kukataa. Mimi nimejua watu waliokubaliwa. Na hapo mzee atakuwa hajachoka.

Kama utakwenda usiku, fika saa ya kuanza, kaa upande, ondoka wakishamaliza. Valia buibui lako. Malindi ni mji wa Waswahili kabla haujawa wa watalii, hakuna atakayekushangaa. Usijaribu kurudi usiku huo huo. Laleni Malindi kwa jamaa.

Amebaki wifi. Alilosema mbele ya watoto hakulisema vizuri, na lilikuuma. Lakini hofu yake ya maneno ya watu si ya uongo. Lamu ni mji mdogo, na jina la nahodha ni jina lake pia. Usimjibu kwa ukali. Wala usiende kwa siri, kwa sababu habari zitafika Langoni kabla ya basi lako, na hapo ndipo utakapoonekana mkosa. Nenda kwake wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kabla ya safari. Akikwambia tena "mzungu wa gitaa", mwambie kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa roki duniani, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Muziki huo si mgeni wa pwani yetu kama anavyodhani. Zambia nao walikuwa na roki yao tangu miaka ya sabini, na Jagari wa bendi ya WITCH alirudi jukwaani akiwa amepita miaka 60, watu wa Ulaya wakimfuata.

Lakini hayo ni ya kuchangamsha mazungumzo tu. La maana ni hili: mwambie habari za kaka yako. Yeye naye ni dada wa mtu, na huyo mtu bado yu hai, anashona tanga. Mwambie unakwenda wapi, na nani, mtalala wapi, na mtarudi lini. Usimwombe ruhusa, kwa kuwa si yeye wa kuitoa. Mpe habari kamili tu, ili mtu akimuuliza barazani, awe na la kujibu.

Shangazi